Ua la kilima cha shaba: ADN inasema ni moja, macho yangu inaona mbili

kijana_wa_katuba aliandika:

Jambo bakubwa na bandugu wote. Niko finalisti mu biolojia hapa Lubumbashi, memwari yangu (kazi ya kumaliza masomo) iko juu ya kamuti kamoja kadogo kenye kuota ku kilima cha shaba, na sasa nimekwama kabisa juu direktere wangu anasema vile, asistanti anasema vingine, na miye katikati sijui nishike ya nani.

Mambo iko hivi. Mwezi wa tatu nilipanda kilima kimoja upande wa barabara ya Likasi, munajua ginsi ile pori inakatika mara moja, miti inaisha, unabakia paka na majani mafupi na mawe yenye rangi ya kijani. Pale juu nilipata majani ya familia ya Lamiaceae, na ukifuata kitabu cha kutambua mimea inakupeleka ku Haumaniastrum. Shina iko na pembe ine, ukiizungusha mu vidole unazisikia zile kona, majani inatoka mbili-mbili zikiangaliana, maua imejikusanya juu kama kichwa, na chini ya kichwa kuko tujani tweupe kama kola ya shati. Ile ya kilima haifiki hata ku goti na majani yake ni membamba. Kisha nikashuka ku dembo, lile bonde la majimaji, kama kilometa ine hivi, nikapata ingine yenye kufanana nayo sana lakini inapanda mpaka ku kiuno, majani ni mapana, na kile kichwa cha maua ni kikubwa zaidi. Nilipima mimea 30 kila upande, urefu, upana wa jani, umbali kati ya jani na jani, kila kitu niko nacho mu kaye.

Direktere akasaidia tukatuma majani ku labo moja ya inje ya inchi wasome ADN (DNA) yake. Walisoma jeni moja tu, inaitwa rbcL, mmea mmoja wa kilima na mmoja wa dembo. Matokeo imefika wiki iliyopita: herufi zote ni sawasawa, hakuna hata moja yenye kubadilika. Direktere anasema ADN imesema, andika spishi moja, maneno imeisha. Asistanti anasema haiwezekane, angalia ile majani, andika mbili. Mwenye kujua anifunguliye akili. Kati ya ADN na umbo, ni gani yenye kushinda?

---

yaya_wa_labo alijibu:

Mudogo, pole na kazi. Usiandike moja, na usiandike mbili, bado hujapata ya kutosha ku upande wowote. Acha nikueleze juu ya ile rbcL, kwa sababu naona njo pale watu wengi wanakosea.

rbcL ni jeni ya mu kloroplasti, ndani ya ile kitu cha kijani cha jani. Inatengeneza sehemu kubwa ya Rubisco, njo ile kimeng'enya yenye kukamata hewa ya kaboni ili mmea ujitengenezee chakula. Sasa fikiria: mmea hauwezi kucheza na kitu kama hicho, ukibadilisha ovyo unakufa na njaa. Kwa hiyo ile jeni inabadilika polepole sana, miaka na miaka. Hiyo polepole yake njo imeifanya ikuwe ya maana mu kupanga familia kubwa kubwa, kwa mfano mwaka wa 1993 Mark Chase na wenzake wengi walichukua rbcL ya mimea karibu 500 wakachora mti wa ukoo wa mimea yote yenye maua, na kutoka kazi za namna hiyo njo APG ya kwanza (ule mpango wa kupanga familia za mimea yenye maua) ikatoka 1998, kisha 2003, 2009, na 2016. Lakini kwa ndugu wa karibu sana, watoto wa tumbo moja, rbcL mara nyingi haioni tofauti yoyote. Spishi mbili za kweli zinaweza kuwa sawasawa herufi kwa herufi. Njo maana 2009, wakati walichagua jeni za kutambulisha mimea ya dunia yote, hawakuchagua rbcL peke yake, waliiongezea matK yenye kubadilika haraka kidogo. Kwa hiyo labo haijasema "ni spishi moja". Imesema tu "mu hii jeni moja yenye kutembea kama kinyonga, hatujaona tofauti", na hayo ni maneno mawili mbalimbali kabisa.

Jambo la pili, na hili lishike muzuri. Kloroplasti, ku mimea mingi yenye maua, inatoka ku mama tu. Hapa kwetu unajua Babemba wanafuata ukoo wa mama, Baluba ya Katanga wanafuata wa baba, sasa ukiuliza mutoto swali moja tu, "mama yako ni wa ukoo gani", hautajua kitu juu ya baba yake. Kama ile ya kilima na ile ya dembo zilichanganyika zamani, poleni (ule unga wa ua) ya huku ikaangukia ua la kule, utaona ADN ya mama peke yake na utadanganyika. Lazima usome pia sehemu ya ADN ya mu kiini, yenye kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wengi wanatumia ile inaitwa ITS. Omba direktere arudishe ombi: matK, ITS, na isikuwe mmea mmoja mmoja, apeleke angalau mitano kila upande. Mmea mmoja haukuonyeshe kama ile tofauti ni ya jamii nzima ao ni ya ule mmoja tu.

Na swali: majani uliyotuma uliikausha na nini?

---

kijana_wa_katuba alijibu:

Aksanti sana yaya. Majani nilikausha mu magazeti, lakini mvua ilikuwa mingi, mafungu mbili za kwanza ziliota ukungu, basi zingine nikaziweka mu alkoli kwanza siku mbili ndiyo nikazikausha. Nilifanya mubaya?

---

yaya_wa_labo alijibu:

Kwa erbarium (pale wanaweka mimea iliyokaushwa) haikuwa mubaya, wazee wengi walifanya hivyo mu inchi zenye mvua. Lakini kwa ADN alkoli ile inaivunja vipande vipande, jeni fupi unaweza kuipata, ndefu inakukatalia. Ukirudia: mbele ya kubana mmea mu gazeti, pasua kajani kamoja kachanga, kasafi, kaweke mu kamfuko ka karatasi kama ka chai, kisha mu mfuko wenye kufunga vizuri pamoja na silika jeli, tule tupunje twa kunyonya maji. Uzito wa silika ukuwe kama mara kumi ya uzito wa jani. Jani likauke mu siku moja ao mbili, libakie kijani. Likigeuka rangi ya kahawia umechelewa. Na namba ya kamfuko ikuwe ile ile ya mmea mu gazeti, hapo ikitokea mashaka mu ADN tunaweza kurudi kuangalia mmea wenyewe. ADN yenye haina mmea wake ku erbarium ni kama barua yenye haina jina.

---

moto_wa_ruashi alijibu:

Miye sioni juu ya nini mutu apoteze wakati na rula na lupe mu hii karne. ADN iko, soma ADN yote, panga, imeisha. Ile ya kuhesabu petali ni ya wakati ya Babeleji. Hata chikanda, ile chakula ya viazi vya orkide, watafiti walichukua ile ya kule Zambia yenye imeshapikwa na karanga, haina ua haina jani, wakatoa ADN ndani wakajua ni orkide gani, Disa, Satyrium na zingine. Sasa hapo umbo ingesaidia nini?

---

mama_biolo alijibu:

Baba wa Ruashi, kwa chikanda uko na haki kabisa, kiazi kimetwangwa hakina sura tena, na ile kazi ni ya maana juu zile orkide zinaisha mu madembo yetu. Lakini jiulize: walijuaje kama ile ADN ni ya Disa? Juu mbele yao mutu alikamata Disa yenye ua lake, akaliangalia, akalipa jina, akaliweka, halafu njo wakasoma ADN yake. Bila yule mwenye lupe, ile ADN ingekuwa herufi tu.

Miye nafundisha biolojia ku sekondari na hatuna labo ya ADN, tuko na soko. Nakuambia ginsi naeleza batoto. Nakata papai, nagawa mbegu mbichi, kila moja anatafuna moja. Inawaka mu pua kama haradali! Halafu nawapa jani la shu (kabichi), mbichi, wanatafuna polepole, kisha mzizi wa moringa niliokwangua. Ni ule ule moto. Mbele watu walikuwa wanaweka papai karibu na matunda ya maracuja na moringa mbali kivyake, juu ya maua hayafanane. Mu miaka ya 1970 Rolf Dahlgren, aliyekuwa anafanya kazi Copenhagen, akasema hapana, mimea yenye yale mafuta ya haradali ni ya nyumba moja, na wengi hawakumusikia. ADN ilipokuja ikamupa haki: papai, moringa na shu ziko mu oda moja, Brassicales. Batoto hawasahau tena, juu walisikia ku ulimi.

Na masuku, yale matunda ya pori, hii njo napenda zaidi. Vitabu vya zamani viliweka masuku mu familia moja na muhogo, Euphorbiaceae. ADN ikawatenga, masuku sasa iko mu Phyllanthaceae. Lakini ukitaka, unaweza kuona ule mtengano na wembe. Pasua ovari changa ya ua la muhogo, kila chumba kina kijimbegu kimoja. Pasua ya masuku, kila chumba kina viwili. Na vunja tawi: muhogo unatoa maziwa, ule wa masuku hautoe. Kwa hiyo umbo lilikuwa linasema toka zamani, ni siye hatukujua pa kuangalia. Hata mufutu, yale matunda meusi yenye kuchafua midomo ya batoto, Vitex, ilikuwa mu Verbenaceae pamoja na lantana, leo iko mu Lamiaceae, ndugu ya lumba-lumba na ya hayo maua yako kijana.

---

yaya_wa_labo alijibu:

Mama, mufano wa papai ni muzuri sana, nitauiba. Niongeze kitu kimoja tu juu batoto watauliza siku moja: kuko muti mwingine, Drypetes, nao uko na mafuta ya haradali, na ADN imeonyesha hauko mu ile nyumba kabisa, uliyapata kivyake. Kwa hiyo ule moto ku ulimi unaweza kudanganya mara moja moja. Ni kama euforbia na kaktusi, zote mbili nene, zenye miba, zenye kuweka maji, lakini moja ni ndugu ya muhogo na ingine ni ya Amerika, jua na ukame ndio vilizifananisha. Njo maana hatutegemee alama moja, ikuwe ya jani ao ya ADN.

---

papa_erbarium alijibu:

Wanangu, nimesoma yote, mumesema vizuri. Nina neno kwa huyu kijana juu ya udongo.

Ile familia yako na shaba ina historia yenye inaweza kukusaidia. Watafuta madini wa zamani, upande wetu na upande wa Zambia, walikuwa wanafuata maua. Moja waliliita Becium homblei, pale lilipoota wengi walichimba wakikuta shaba, na kwa sababu lilikuwa maarufu kwa shaba waliliona kama spishi yake peke yake. Baadaye watu wakaanza kuliokota hata mahali pasipo na shaba, wakalinganisha na mengine, wakaona ni lile lile ua la kawaida lenye kuenea mbali. Leo jina lake ni Ocimum centraliafricanum, yaani ndugu wa karibu wa rehani ya mama ku jiko. Shaba haikulifanya kuwa spishi, ilikuwa tu inalivumilia. Lakini usikimbie kusema basi na yako ni hivyo! Haumaniastrum katangense na H. robertii, zenye watu wanaita maua ya shaba, nazo zilikuwa zinaitwa Acrocephalus mpaka 1959, Duvigneaud na Plancke wakaona hazifanane na Acrocephalus wa kweli wakazipa jina la Hauman, mutaalamu wa mimea. Hizo hadi leo zinahesabiwa spishi mbalimbali. Kwa hiyo ku kilima hicho hicho unaweza kupata moja iliyobadilishwa sura na udongo tu, na ingine iliyobadilika kweli mpaka mu mbegu.

Sasa angalia vipimo vyako: urefu, upana wa jani, umbali wa jani na jani, ukubwa wa kichwa. Vyote vinne ni vile udongo unacheza navyo! Pale juu udongo ni kidogo, mawe ni mengi, maji yanakauka haraka, shaba inauma mizizi. Hata mahindi ukiyapanda pale yatakuwa mafupi na hutaita ile spishi mpya ya mahindi. Asistanti wako ana macho mazuri lakini anaangalia mahali pabaya. Chukua lupe, angalia vitu ambavyo udongo hauvigusi kirahisi: kalisi (kile kikombe kidogo chini ya ua), yale meno yake ni mangapi na yanakaaje tunda likishakomaa, vinywele vya juu yake ni vya namna gani, midomo ya ua imegawanyika vipi, na zile tumbegu tune ndani, uso wake ni laini ao una vidoti. Ukipata mikroskopi angalia na poleni. Mu 1945 Mswidi moja, Erdtman, aligawa familia hii ya Lamiaceae kwa poleni tu, upande moja poleni ina mifereji sita, upande mwingine mitatu, na miaka mingi baadaye ADN ikakuta lile kundi la mifereji sita ni ukoo wa kweli. Yako itakuwa na sita, haitatenganisha hizo mbili, lakini uso wa poleni, ile nakshi yake, mara nyingine inatenganisha.

Na kipimo chenye kushinda vyote hakihitaji labo. Kusanya mbegu za kilima na za dembo. Panda zote mbili mu udongo wa dembo, na zote mbili mu udongo wa kilima, mikebe sawasawa, maji sawasawa. Kama ile fupi ikipandwa mu udongo muzuri inarefuka na majani yanapanuka mpaka hautofautishi, direktere wako ana haki kubwa. Kama inabaki fupi na nyembamba hata mu udongo wa dembo, basi ufupi uko mu damu yake, na hapo utaiambia labo itafute mu ADN ya kiini.

Jambo la mwisho. Ukitaka kupima shaba ndani ya jani, osha jani vizuri sana mbele. Zamani walitangaza majani ya huku kuwa na shaba na kobalti ya ajabu, na baadaye ikaonekana sehemu kubwa ilikuwa vumbi ya kilima yenye kushika ku vinywele vya jani. Na kabla ya kuandika jina lolote, ingia ku erbarium ya Meise ku intaneti, kule Ubelgiji wana mimea karibu milioni ine na picha nyingi ziko wazi, tafuta Haumaniastrum, utaona vipande vilivyookotwa hapa wakati mji ulikuwa bado Elisabethville. Linganisha na ule mmea wa kwanza uliopewa jina, usilinganishe na picha ya kitabu.

---

moto_wa_ruashi alijibu:

Papa, nimekubali. Sikujua ile ya Becium, na ile ya vumbi imenigusa sana juu niliandika hizo hesabu za kobalti mu travai yangu bila kuuliza kama waliosha majani. Kijana, kama unataka mutu wa kukusaidia kubeba udongo kutoka kilima, niko.

---

kijana_wa_katuba alijibu:

Bakubwa, nakosa maneno. Jana usiku sikulala, nilikopa lupe ya asistanti nikatoa mimea yote 60 mu magazeti, kalisi kwa kalisi. Urefu nimeuacha. Mu mimea 30 ya dembo, kalisi yote yenye tunda imefunga mudomo wake na vinywele vifupi vya kulala. Ya kilima, 26 ni vile vile kabisa. Lakini ine iko tofauti: vinywele virefu vyenye kusimama, na kalisi iko wazi, na nikiangalia mu kaye hizo ine zote zilitoka mahali pamoja, pale juu kabisa karibu na shimo la bakrezere (wachimbaji wa mikono). Kumbe nilichanganya! Ile nilikuwa naita "ya kilima" inaweza kuwa bintu bibili ndani ya fungu moja, na mmea nilioutuma ku labo ulikuwa wa chini ya kilima, haukuwa mu hizo ine. Nimemuonyesha direktere asubui, ameshika lupe mwenyewe karibu nusu saa bila kusema kitu, kisha akaniambia nirudi ku kilima mbele mbegu hazijamwagika.

Mikebe nimeshapata 24, ya tomati, mama anaitoboa chini na musumari. Silika jeli asistanti anayo kidogo. Moto wa Ruashi, kama neno lako ni la kweli, Jumamosi saa kumi na mbili asubui tukutane ku kituo cha taksi za Likasi, leta mifuko miwili ya nguvu.

---

papa_erbarium alijibu:

Hizo ine, usikate mimea yote iliyobaki pale juu. Chukua mbegu chache na kajani kamoja kwa kila mmea, mingine iache isimame. Na weka alama ya jiwe, bakrezere wanasogea haraka.